Neno "Frit" la Kiingereza: Maana, Asili na Funzo Lake kwa Wanalahaja

Utangulizi

Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii humtetea mtu ajuaye wakati wa kuhofu na kurudi nyuma, kwa kuwa jamaa zake hubaki wakicheka naye ilhali jamaa za shujaa humlilia. Hata hivyo, maneno yatajayo woga katika lugha za wanadamu si mapole kama methali hiyo. Mengi yao hutumiwa kumkejeli mtu, kumwaibisha mbele ya wenzake na kumvunjia heshima. Makala haya yanachunguza neno moja la aina hiyo kutoka lugha ya Kiingereza, nalo ni "frit", lenye maana ya kuingiwa na woga.

Yamkini wasomi wengi wa Kiswahili hawajawahi kulikuta neno hili. Halifundishwi darasani, halimo katika vitabu vya sarufi vinavyotumiwa shuleni, na kamusi zinazolitaja huliwekea alama ya kuonyesha kwamba ni la lahaja au si rasmi. Mwanafunzi akiliandika katika insha ya Kiingereza, bila shaka litapigiwa mstari mwekundu. Pamoja na hayo, neno hili lilitamkwa na Waziri Mkuu wa Uingereza ndani ya bunge, na tangu siku hiyo limekuwa na sifa ambayo maneno mengi sanifu hayana.

Makala yana malengo matatu. Kwanza, yanaeleza maana ya neno hili na namna linavyotofautiana na visawe vyake. Pili, yanafuatilia asili yake na kuonyesha kuwa umbo lake halikuzuka kwa makosa ya watu wasiosoma. Tatu, yanalinganisha historia hiyo na hali ya maneno ya woga katika Kiswahili, ili kuuliza swali linalowahusu moja kwa moja wanafunzi na wahadhiri wetu: ni nani huamua kuwa neno hili ni la heshima na lile ni la aibu?

Neno lilivyosikika bungeni

Tarehe 19 Aprili 1983, bunge la Uingereza lilikuwa katika kipindi cha maswali kwa Waziri Mkuu. Margaret Thatcher alikuwa ametawala tangu Mei 1979, na muda wa bunge ulikuwa bado haujaisha. Kisheria angeweza kungoja hadi mwaka 1984 kabla ya kuitisha uchaguzi. Hata hivyo, uvumi ulikuwa umeenea kwamba angeuitisha mapema. Denis Healey, naibu kiongozi wa chama cha Labour, alimshutumu kwamba alitaka kukimbilia uchaguzi mapema kabla mambo hayajamharibikia. Thatcher alimgeuzia shutuma hiyo. Alimwambia kuwa yeye Healey ndiye aliyeuogopa uchaguzi, na katika kurudiarudia maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuogopa, likamtoka neno "frit".

Vikao vya bunge hilo vilikuwa vikitangazwa kwa redio tangu Aprili 1978, japo kamera za televisheni hazikuruhusiwa hadi Novemba 1989. Kwa hiyo neno lilisikika nje ya ukumbi. Waandishi wa habari walilidaka mara moja, na wasikilizaji wengi wa London na miji ya kusini wakawa wanaulizana ni neno gani hilo. Waliolijua bila kuuliza walikuwa watu wa maeneo ya kati mashariki mwa Uingereza, hasa jimbo la Lincolnshire na majirani zake.

Ili kuelewa ukali wa neno lile, ni vyema kuwajua waliohusika. Healey hakuwa mtu wa kuitwa mwoga kwa wepesi. Katika Vita vya Pili vya Dunia alikuwa afisa wa jeshi, na mwaka 1944 alishiriki katika operesheni ya kutua kwa majeshi huko Anzio, Italia. Baadaye alikuwa Waziri wa Ulinzi kutoka 1964 hadi 1970, kisha Waziri wa Fedha kutoka 1974 hadi 1979. Kumwita mtu kama huyo mwoga kwa neno rasmi kungekuwa tuhuma ambayo angeweza kuijibu kwa hoja. Kumwita kwa neno ambalo watoto wa mashambani huambiana uwanjani kulikuwa ni kumshusha kutoka kiti cha kiongozi hadi mchezo wa watoto.

Thatcher, kwa upande wake, alizaliwa mwaka 1925 katika mji wa Grantham, Lincolnshire, na kulelewa katika nyumba iliyokuwa juu ya duka la vyakula la baba yake, Alfred Roberts. Alisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Oxford, akawa wakili na mwanasiasa. Katika safari hiyo lafudhi ya Lincolnshire ilimtoka. Alipata mafunzo ya usemaji, na katika miaka ya 1970 mshauri wake Gordon Reece alimsaidia kuishusha sauti yake iwe nzito zaidi. Wananchi waliomsikia mwaka 1983 walimjua kama mtu wa Kiingereza cha watu wa tabaka la juu. Iwe neno lile lilimponyoka kwa hamaki au alilichagua kwa makusudi, jambo moja ni dhahiri: katika joto la mjibizano, alirudia msamiati wa mji alikozaliwa.

Mnamo tarehe 9 Mei uchaguzi ulitangazwa, na ukafanyika tarehe 9 Juni 1983. Chama cha Conservative kilipata viti 397, cha Labour viti 209. Tangu hapo, wanasiasa wa Uingereza wamelirithi neno hili, na hulitumia zaidi kumdhihaki mpinzani anayedhaniwa kukwepa uchaguzi au mdahalo.

Maana yake

Kiingereza sanifu kina maneno kadhaa yanayotaja hali ya kuogopa. Yanayotumiwa zaidi ni "afraid", "frightened" na "scared". Neno "frit" liko karibu zaidi na "frightened", kwa kuwa yametoka katika shina moja, lakini matumizi yao hayafanani.

Katika lahaja lilikotoka, "frit" ni neno la kawaida lisilobeba tusi. Mtoto aliyeshtushwa na ngurumo huelezwa kwa neno hilo, na farasi aliyeruka kwa kuona kitu asichokijua huelezwa hivyo hivyo. Kisarufi, hutumika kama kivumishi kinachofuata kitenzi chenye maana ya kuwa, na pia kama kitenzi cha wakati uliopita chenye maana ya kutisha au kushtua. Maana yake hapo haimhukumu mtu. Inaeleza tu kilichompata.

Katika matumizi ya kisiasa yaliyofuata mwaka 1983, maana imebanwa. Neno halielezi tena mshtuko wa ghafla, bali udhaifu wa moyo. Anayeambiwa hivyo anashutumiwa kuwa anajua analopaswa kulifanya ila anaogopa kulifanya. Umaarufu, basi, umelipa neno hili uhai nje ya kwao, lakini umelipunguzia upana. Mwingereza wa London anayelitumia leo hulijua kama tusi la wanasiasa. Hamjui yule mtoto wala yule farasi.

Tukilitafutia kisawe katika Kiswahili, itatubidi tutenganishe matumizi hayo mawili. Kwa maana ya kwanza, vitenzi kama kushtuka, kutishika na kugwaya vinatosha. Kwa maana ya pili, "kuogopa" pekee hakutoshi, kwa sababu ni neno lisiloegemea upande wowote. Mtu anaweza kumwogopa simba na asilaumiwe. Linalokaribia zaidi ni usemi kufyata mkia. Anayesema kwamba mbunge fulani ameufyata hasemi tu kuwa ana hofu. Anamfananisha na mbwa aliyetishwa, na anawaalika wasikilizaji wamcheke. Iwapo mhusika anakwepa jambo kabisa, Mswahili husema kwamba ameingia mitini. Mfasiri wa hotuba ya Thatcher angefaidi zaidi kwa semi hizi kuliko kwa neno moja la kamusi.

Asili ya umbo lake

Watu wengi wanapolisikia neno "frit" kwa mara ya kwanza hudhani kuwa ni "frightened" lililokatwa na wavivu wa ulimi. Dhana hii haina msingi. Historia inaonyesha kinyume chake, kwamba "frightened" ndilo umbo jipya zaidi.

Katika Kiingereza cha Kale, yaani kile kilichosemwa kabla ya karne ya 12, palikuwa na nomino "fyrhtu", iliyomaanisha hofu, na kitenzi "fyrhtan", kilichomaanisha kutia hofu. Kwanza, sauti "r" ilibadilishana nafasi na irabu iliyoitangulia, hivi kwamba "fyrht" ikawa "fryht". Badiliko la aina hii huitwa metathesisi katika fonolojia, na lilijitokeza mapema katika lahaja ya kaskazini ya Northumbria. Baadaye konsonanti iliyoandikwa "gh", ambayo zamani ilitamkwa kwa sauti iliyokaribiana na "kh" yetu, ilidondoshwa katika matamshi ingawa ilibakia katika tahajia. Irabu nayo ilirefuka, kisha ikabadilika wakati wa mageuzi makubwa ya irabu za Kiingereza yaliyoanza takriban karne ya 15, ikaishia kutamkwa "ai". Ndivyo lilivyopatikana neno "fright" kama linavyotamkwa leo.

Kwa karne nyingi neno hilo lilikuwa nomino na kitenzi pia. Mtu aliweza "kumfright" mwenzake bila kiambishi chochote cha ziada. Shakespeare, aliyeishi kutoka 1564 hadi 1616, alilitumia kama kitenzi katika tamthilia zake. Ilikuwa katika karne ya 17 ndipo waandishi walipoanza kuongeza kiambishi tamati "-en" na kupata "frighten", na kutokana na hicho kupata "frightened". Umbo hilo refu ndilo lililoteuliwa na usanifu.

Lahaja za maeneo ya kati mashariki hazikufuata njia hiyo. Zilibaki na kitenzi cha zamani "fright", zikakiundia umbo la hali timilifu kwa kufupisha irabu, na kupata "frit". Utaratibu huu si mgeni katika Kiingereza sanifu chenyewe. Kitenzi "light", chenye maana ya kuwasha, kina umbo "lit", na hakuna mwalimu anayelipigia mstari mwekundu. Kitenzi "bite", yaani kuuma, kina umbo "bit". Kwa hiyo, aliyesema "frit" hakuvunja kanuni ya lugha. Alifuata kanuni iliyokuwamo tayari katika vitenzi vingine vya sauti hizo hizo.

Jamaa zake na hatima zao

Historia ya visawe vya neno hili inathibitisha kuwa heshima ya neno haitokani na umri wake wala usahihi wa umbo lake. Neno "afraid" lilikuja na Wanormani, waliotoka Ufaransa na kuiteka Uingereza mwaka 1066. Katika Kifaransa cha Kale kitenzi chake kilimaanisha kusumbua na kutisha, na wanaisimu hulirejesha kwenye muungano wa kiambishi chenye maana ya kutoa nje na shina la Kijerumani lenye maana ya amani. Kwa asili, basi, mwenye kuogopa alikuwa mtu aliyeondolewa katika amani.

Kabla ya neno hilo kushika nafasi, Waingereza walikuwa na lao, "afeard", lililotokana na Kiingereza cha Kale. Maneno haya mawili yaliishi pamoja kwa karne kadhaa, na Shakespeare aliyatumia yote mawili. Baada ya takriban mwaka 1700, waandishi waliliacha "afeard", likabaki vinywani mwa wanavijiji, na hatimaye likaanza kuhesabika kuwa ishara ya kutosoma. Neno lililokuwa la wenyeji likawa la washamba, na lile la wavamizi likawa sanifu.

Neno "scared" lina safari nyingine. Lilitokana na kitenzi "skirra" cha lugha ya Wanorwe wa kale, ambao pamoja na Wadenmaki walivamia na kukaa kaskazini na mashariki mwa Uingereza tangu karne ya 9. Lincolnshire yenyewe ilikuwa sehemu ya eneo hilo, na majina ya miji kama Grimsby yanabeba alama yao hadi leo. Inastaajabisha kwamba neno la wavamizi wa Skandinavia lilienea nchi nzima, ilhali "frit", lililotokana na shina la Kiingereza chenyewe, lilibaki nyuma katika jimbo lilelile walimokaa wavamizi hao.

Waliohifadhi na waliosahihisha

Kudharauliwa kwa maneno ya lahaja za Uingereza kuliwaumiza watu halisi. Mfano mmoja ni wa mshairi John Clare, kibarua wa mashambani aliyezaliwa mwaka 1793 katika kijiji cha Helpston, Northamptonshire, karibu na mpaka wa Lincolnshire. Diwani yake ya kwanza ilipochapishwa mwaka 1820, iliambatanishwa na faharasa ya kuwaeleza wasomaji wa mjini maneno ya kwao. Mchapishaji wake, John Taylor, alirekebisha sehemu za tahajia na lugha yake ili ziafiki ladha ya wanunuzi. Clare alilalamika. Katika barua aliifananisha sarufi katika elimu na udhalimu katika utawala. Sifa yake ilidhoofika akiwa hai, na miaka yake ya mwisho aliimalizia katika hospitali ya wagonjwa wa akili, alikofariki mwaka 1864.

Mfano wa pili una matumaini zaidi. Joseph Wright alizaliwa mwaka 1855 katika jimbo la Yorkshire. Alianza kazi akiwa na umri wa miaka sita, akiongoza punda katika machimbo ya mawe, kisha akaajiriwa kiwandani, na hakujua kusoma hadi alipofika takriban miaka 15. Kijana huyu alijifundisha, akapata shahada ya uzamifu huko Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1885, na mwaka 1901 akawa profesa wa isimu linganishi katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kati ya 1898 na 1905 alichapisha kamusi ya lahaja za Kiingereza katika majuzuu sita. Kazi hiyo ilifuatiwa na utafiti ulioongozwa na Harold Orton wa Chuo Kikuu cha Leeds pamoja na Eugen Dieth. Kati ya 1950 na 1961, watafiti walizuru sehemu 313, wakiwahoji hasa wazee wa vijijini ambao hawakuwa wamesafiri sana. Kutokana na kazi kama hizi, inawezekana leo kujua ni wapi neno gani lilisemwa, na kwa maana gani. Bila Wright na waliomfuata, "frit" lingehesabiwa kuwa ulimi ulioteleza bungeni.

Funzo kwa Kiswahili

Msomaji anaweza kuuliza: Kiswahili kinahusikaje na haya? Kinahusika kwa sababu maneno yake ya woga yamepitia hali zinazofanana na hizo.

Kiswahili kina tabaka tatu za maneno haya. Tabaka la kwanza ni shina "-cha", lenye maana ya kuogopa. Ni shina la Kibantu, na jamaa yake huonekana katika Kiganda, ambamo "okutya" humaanisha kuogopa. Tabaka la pili ni "-ogopa", pamoja na nomino woga na mwoga. La tatu ni hofu, lililokopwa kutoka neno la Kiarabu "khawf". Kama lilivyofanya "afraid" katika Kiingereza, hofu lilipata nafasi pana katika maandishi na mahubiri. Shina "-cha" limebaki katika pembe chache: mcha Mungu, uchaji, kicho na kuchelea. Limehifadhiwa pia katika methali mchelea mwana kulia hulia yeye. Maana yake, kama ya "frit", imebanwa. Kicho leo si woga wowote, bali hasa ile hofu yenye heshima mbele ya Mwenyezi Mungu.

Mlinganisho wa karibu zaidi uko katika mofolojia. Kitenzi ogopa kina maumbo mawili ya kauli ya kutendesha: ogofya na ogopesha. La kwanza limeundwa kwa utaratibu wa zamani wa Kibantu, ambapo konsonanti ya mwisho ya shina hubadilika, "p" ikawa "fy". La pili limeundwa kwa kiambishi "-esha", ambacho ndicho hai zaidi katika uundaji wa maneno leo. Vivyo hivyo, lewa kina levya na lewesha. Mtoto anayejifunza Kiswahili Nairobi huenda akasema ogopesha na lewesha kabla ya kuyajua yale mengine, kwa kuwa kanuni yake ni wazi zaidi. Hata hivyo, magazeti huandika habari za ajali ya kuogofya na za dawa za kulevya, na hakuna anayedai kuwa ogofya ni ufupisho wa ogopesha. Uhusiano kati ya "frit" na "frightened" ni wa aina hiyo: umbo moja ni la utaratibu wa zamani, na la pili limeundwa kwa kiambishi kilichoongezwa baadaye. Tofauti ni kwamba Kiswahili sanifu kilibahatika kuyakubali yote mawili.

Si maneno yote yaliyobahatika hivyo. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, Kiunguja ndicho kilichoteuliwa kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaanza kukitekeleza uamuzi huo katika vitabu vya shule. Kimvita, ambacho Krapf alikiegemea katika kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882, kikaachwa kando, na pamoja nacho Kiamu, kilichokuwa na hazina kongwe ya tenzi. Hapakuwa na sababu ya kiisimu iliyofanya mato yawe duni kuliko macho, au teka iwe duni kuliko cheka. Uteuzi ulihitajika kwa ajili ya elimu na uchapishaji, na faida yake haipingiki: mwanafunzi wa Kisumu na wa Mwanza wanaweza kusoma kitabu kimoja. Lakini uteuzi wa lahaja moja kwa matumizi ya pamoja ni jambo moja, na kuzihukumu nyingine kuwa mbovu ni jambo jingine. Haya mawili yamechanganywa mara nyingi madarasani. Mwanafunzi kutoka Lamu au Mombasa, ambaye babu zake walitunga tenzi, hujikuta akisahihishwa Kiswahili na wenziwe waliojifunza lugha hiyo shuleni, na wengine huamua kunyamaza. Lugha ya nyumbani inapomtia mtu woga wa kuzungumza, basi usanifu umevuka mpaka wake.

Wapo walioukataa woga huo. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kutoka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa, alitunga mashairi gerezani katika Kimvita, lahaja ya kwao Mombasa. Diwani hiyo, Sauti ya Dhiki, ilichapishwa mwaka 1973 na ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Ahmed Sheikh Nabhany naye alitumia maisha yake kukusanya msamiati wa lahaja za kaskazini, na akauchota ili kuunda istilahi mpya; neno runinga, linalotumiwa nchini Kenya kwa maana ya televisheni, huhusishwa naye. Kazi yake inakumbusha ile ya Wright: mwana wa lahaja aliyerudi kuyaokoa maneno ya kwao.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba "frit" ni neno la lahaja ya maeneo ya kati mashariki mwa Uingereza, lenye maana ya kushtuka au kuingiwa na woga. Kwamba limetokana na kitenzi cha Kiingereza cha Kale kupitia kanuni za kawaida za lugha hiyo. Na kwamba umaarufu wake wa sasa ulitokana na mjibizano wa bungeni wa Aprili 1983, ambao pia uliibana maana yake.

Linalobaki ni lile swali la awali kuhusu heshima. Mwaka ule wa 1983, mtoto wa Grantham angeweza kulitumia neno hilo darasani na akasahihishwa. Waziri Mkuu aliyezaliwa mji huo huo alilitumia bungeni na likaandikwa magazetini. Umbo lilikuwa lile lile, maana ilikuwa ile ile, na asili ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni cheo cha msemaji. Ikiwa hivyo ndivyo heshima ya maneno hupimwa, basi mwanaisimu ana wajibu wa kutumia kipimo kingine.

Wajibu huo unaweza kuanza kwa hatua ndogo. Mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda likizo Siyu, Faza, Vanga au Likoni anaweza kubeba daftari na kuwauliza wazee wake wanasemaje mtu anaposhtuka, anapogwaya, anapoufyata, au anapomcha Mungu. Mhadhiri anayekuta neno la lahaja katika kazi ya mwanafunzi anaweza kumwuliza limetoka wapi kabla ya kuchukua kalamu nyekundu. Huenda likafaa kubadilishwa kwa sababu ya sajili ya kazi yenyewe, lakini liwe limeandikwa mahali. Mwacha asili ni mtumwa, na neno lisiloandikwa hufa na mzee wa mwisho alijuaye.